Nimebatizwa ukubwani, nasikia mwito wa uchungaji: niache ualimu?

Swali: "Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata wilayani Chamwino, nafundisha Historia na Kiswahili. Nina miaka 36, mzaliwa wa Mvumi, nimelelewa Anglikana na kaka yangu ni katekista huko hadi leo. Nilibatizwa Usabato mwaka juzi baada ya mahubiri ya hadhara mjini Dodoma. Tangu hapo moyo hautulii, nasikia naitwa kuwa mchungaji. Nina stashahada ya ualimu, miaka tisa kazini, watoto wawili. Mke wangu bado ni Mwanglikana, anaimba kwaya. Tuna ekari moja ya zabibu Mpunguzi inayotusaidia ada za watoto. Je, niache kazi niende kusoma theolojia, au nimeshachelewa?"

Marahaba, Mwalimu. Hujachelewa. Na kazi usiache, angalau si mwaka huu. Nimeyatanguliza hayo mawili ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia, maana barua yako inanuka haraka, na harufu hiyo naijua.

Mimi nilibatizwa nikiwa na miaka 31, fundi cherehani pale Majengo, hatua chache kutoka sokoni. Nilikuwa na mashine mbili na kijana mmoja wa kunisaidia. Ijumaa ya kwanza baada ya ubatizo wangu iliangukia Januari, shule zinakaribia kufunguliwa, na mezani zimelala sare ishirini na kitu, kaki na nyeupe, hazijatiwa vifungo. Ilipokaribia saa moja jioni, jua linazama na Sabato inaingia, nikaondoa mguu kwenye pedeli nikafunika mashine kwa shuka. Kesho yake mama mmoja alifuata kaptura za wanawe akakuta mlango umefungwa. Jumapili alirudi, akachukua kitambaa chake bila kunisemesha, akaingia nacho kwa fundi wa mlango wa pili. Nilimtazama tu. Nikajiambia, basi, gharama ya imani nimeshailipa yote, sasa niko tayari kwa lolote.

Miezi michache baadaye nikamfuata mchungaji wa mtaa wetu kumweleza kwamba nauza mashine nikasomee uchungaji. Nilikuwa nimeshanunua suti ya kijivu na mkoba wa Biblia wenye zipu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Shule ya Sabato unafundisha darasa gani?" Nikamjibu sifundishi darasa lolote la Biblia. "Haya, anzia hapo." Nilimkasirikia muda mrefu yule mzee. Kati ya siku ile na siku niliyoingia darasani chuoni ilipita miaka sita.

Naona katika swali lako vitu viwili vimefungwa kwenye furushi moja, mwito na ajira. Tuvifungue.

Mwito kwetu hauthibitishwi na mwenye nao peke yake. Upande mmoja uko moyoni mwako, na huo mimi siwezi kuupima kutoka huku. Upande wa pili uko kwa watu wanaokufahamu, waliokuona ukichoka, ukikasirika, ukikabidhiwa fedha ya kanisa, na bado wakasema huyu anafaa. Angalia Paulo. Watu hukumbuka barabara ya Dameski wakasahau kilichofuata. Katika Wagalatia anasimulia mwenyewe kwamba alikwenda Arabuni, akarudi Dameski, na ndipo baada ya miaka mitatu akapanda kwenda Yerusalemu. Baadaye akakaa kwao Tarso mpaka Barnaba alipofunga safari kumtafuta. Na ni huyo huyo aliyemwonya Timotheo kwamba uangalizi wa kanisa asipewe mtu aliyeongoka karibuni. Nadhani aliandika akijua anachokisema.

Wewe ni mwalimu wa Historia, kwa hiyo utaniruhusu na huyu. William Miller, mkulima wa jimbo la New York aliyewahi kuwa askari, aliishi ujana wake akiamini kuna Muumba asiyejishughulisha na watu. Aliongoka 1816, akiwa mtu mzima mwenye familia na mashamba. Alijifungia na Biblia kama miaka miwili akafikia hesabu zake kuhusu kurudi kwa Kristo, halafu akakaa nazo zaidi ya miaka kumi akijitetea kwamba yeye si mhubiri. Mwaka 1831 alimwahidi Mungu kwamba akialikwa atakwenda, na siku hiyo hiyo mwaliko ukafika kutoka kijiji cha Dresden. Hesabu ya tarehe 22 Oktoba 1844, siku ambayo Kristo alitarajiwa kurudi, tunajua iliishia kwenye machozi, na Miller mwenyewe hakuwa Msabato. Alifariki 1849, kanisa letu likaundwa rasmi 1863. Ninachokipenda kwake ni ile miaka ya kati, alipokuwa analima tu na kusoma, na majirani wanamwona.

Sasa njia yenyewe ilivyo kwetu.

Unaanza ukiwa mshiriki wa kanisa mahalia. Kamati ya mapendekezo inakupa kazi, pengine ushemasi, ualimu wa Shule ya Sabato, au idara ya uinjilisti. Ukionekana unafaa unachaguliwa mzee wa kanisa na kuwekewa mikono. Usiidharau hatua hiyo ukaiona kama ngazi ya kupitia. Huku kwetu mchungaji mmoja huhudumia mtaa wenye makanisa mengi na juu yake makundi madogo ambayo bado si makanisa, kwa hiyo Sabato nyingi anayesimama mimbarani ni mzee wa kanisa. Ndiye anayeongoza Meza ya Bwana mchungaji asipokuwepo, ndiye anayezika, ndiye anayegongewa mlango saa nane za usiku. Kubatiza hawezi ila kwa kibali cha mwenyekiti wa konferensi, yaani uongozi unaosimamia makanisa ya eneo zima. Wapo wazee wa kanisa waliochunga watu miaka thelathini wakiwa walimu, madereva na wauguzi, na sijui kama Mungu anawaandika katika orodha tofauti na yetu sisi tuliolipwa mshahara.

Baada ya hapo, kama kanisa limeona kitu, baraza la kanisa linakupendekeza, mchungaji wa mtaa anaandika, na jina lako linafika konferensi. Wengine konferensi huwasomesha. Wengine hujisomesha kwa matumaini. Ukimaliza na ukaajiriwa, unapangiwa kazi chini ya mchungaji mzoefu, kisha unapewa leseni ya huduma. Mchungaji wa leseni bado si mchungaji kamili. Mamlaka yake yana mipaka hadi atakapowekewa mikono, na hilo huja baada ya miaka kadhaa ya kutazamwa yeye na nyumba yake. Piga hesabu ya kawaida: miaka mitatu au minne ya maandalizi kanisani, mitatu au minne ya chuo, minne au zaidi ya utumishi kabla ya kuwekewa mikono. Ukianza leo, utakaribia miaka 48. Haitishi. Nimewahi kuhudhuria ibada ya kumwekea mikono mtu mwenye mvi.

Kuna jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi mpaka wamemaliza chuo. Kwetu mchungaji halipwi na kanisa analolihudumia. Zaka ya makanisa yote hupelekwa konferensi, na kutoka huko wachungaji hulipwa, awe anahudumia kanisa kubwa la mjini au makundi matatu ya vijijini. Utaratibu huo ni mzuri, maana bila huo nani angekwenda vijijini? Lakini maana yake nyingine ni kwamba nafasi za kazi zina kikomo, kadiri zaka inavyoruhusu. Shahada ya theolojia haimlazimishi mtu yeyote kukuajiri. Nimekaa na vijana wenye shahada hiyo wanaoendesha bodaboda wakisubiri kuitwa, na uchungu wao mkubwa ni kwamba waliacha kitu walichokuwa nacho mkononi. Wewe una kitu mkononi. Uko kwenye PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ambako pensheni ya kila mwezi hudai michango isiyopungua miezi 180, na kwa miaka yako tisa una kama 108. Simaanishi usubiri pensheni ndipo umtii Mungu. Namaanisha mkeo ana haki ya kuiona hesabu hiyo kwenye karatasi kabla hujasaini barua ya kuacha kazi.

Nirudi kanisani, kwa sababu ndiko jibu lako lilipo.

Baada ya mwaka wa kufundisha Shule ya Sabato nilipewa kundi dogo la kijijini, nje kidogo ya mji, watu kumi na wanne chini ya mbuyu. Hubiri langu la kwanza nililiandaa wiki tatu. Nilichora chati kwenye kipande cha shuka: siku 2,300 za unabii wa Danieli, ambazo sisi tunazihesabu kama miaka, mwaka 457 kabla ya Kristo upande huu, 1844 upande ule, mistari ya wino mwekundu katikati. Ulikuwa wakati wa palizi ya uwele, akina mama wamekuja na uchovu wa wiki nzima. Niliwasalimia "Mbukwenyi!", wakachangamka, kisha nikaingia kwenye Kiswahili changu cha vitabuni na hesabu zangu, dakika hamsini. Nilipomaliza, bibi mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. Nikafurahi, nikajua ana swali kuhusu hekalu la mbinguni. Akasema, "Mwanangu, mbuzi wangu ameibwa juzi, yule mwenye mimba. Utaniombea?"

Nikamwombea, vibaya, kwa maneno ya juu juu, macho yangu yako kwenye chati. Kijana aliyekuwa amenisindikiza, hata ubatizo alikuwa hajapata, ndiye aliyemwuliza mbuzi ana rangi gani na alipotea upande upi, na jioni baada ya jua kuzama akazunguka kuulizia. Leo unabii ule bado naufundisha na bado naupenda. Ila mbuzi nauliza kwanza.

Hapo ndipo pa kuupimia mwito wako, Mwalimu. Makanisa ya mjini Dodoma yana wahubiri wa kutosha. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa 2016, yamejaa watumishi kutoka Mara, Upareni na kwingineko, watu waliozaliwa Usabatoni, wenye shahada mbili mbili. Usabato ulifika Upareni mwaka 1903 na wamisionari wa Kijerumani, kwa hiyo wapo wanaohesabu kizazi cha nne na cha tano. Ukisimama kati yao utajiona mgeni, na pengine ndiyo maana unataka cheti haraka. Lakini ni wangapi kati yao wanaoweza kumfariji mjane kwa Chigogo? Wewe unaweza. Mwombe mchungaji wako akupe kundi la kijijini, lile ambalo wengine hulikwepa kwa sababu ya vumbi na nauli, na ukae nalo miaka miwili.

Kaka yako katekista. Hukusema mna ugomvi, ila umemtaja, na sisi tulioongoka ukubwani tunajua mwaka wa kwanza ulivyo. Tunaingia nyumbani kwa wazazi kama polisi, tumebeba mafungu. Mimi nilimwambia mama yangu mzazi maneno kuhusu Jumapili ambayo ningelipa fedha niyarudishe. Fikiri uliipata wapi Biblia. Waanglikana wako Ugogo tangu karne ya 19. Bibi zetu walijifunza kusoma kwao, na wewe ulijua Zaburi kabla hujasikia habari za Sabato. Ukibatizwa kwa maji mengi hukukabidhiwa ruhusa ya kuwadharau waliokuvusha hadi mtoni. Msiba ukitokea Mvumi siku ya Jumamosi, nenda ukakae na ndugu zako, lia nao. Watakachokumbuka ni kwamba ulikuwepo.

Sasa mkeo. Hapa nitasema polepole.

Ndoa yako haikuvunjwa na ubatizo wako wala haikushushwa daraja. Paulo aliliweka wazi kwa Wakorintho: mke akikubali kukaa naye, mume asimwache, naye huyo alikuwa anazungumzia mke asiyeamini kabisa. Wako anamwamini Kristo yuleyule unayemwamini. Lakini uchungaji si kazi ya mtu mmoja katika nyumba. Waumini watamwita mama mchungaji atake asitake, watamletea siri zao, watahesabu sahani zake. Katika mahojiano niliyowahi kukaa upande wa wanaouliza, mke alikuwepo, na maswali mengine yalimwendea yeye moja kwa moja. Kumpeleka mbele ya meza ile akiwa hajui anachokiingia ni kumtendea ukatili. Na kumshinikiza abatizwe ili faili lako likamilike ni vibaya zaidi. Ubatizo wa namna hiyo nimeuona, na mwisho wake pia nimeuona.

Je, umewahi kumwuliza yeye alipoteza nini siku ulipobatizwa? Alimpoteza mwenzake wa kukaa naye benchi moja Jumapili. Pengine anarudi kwaya peke yake na watu wanamwuliza mzee yuko wapi. Anza na hapo. Nenda siku kwaya yake ikiwa na tamasha, kaa nyuma, piga makofi. Hakuna fungu linalokukataza kumsikiliza mkeo akiimba Jumapili.

Zabibu zako. Nilicheka kidogo niliposoma, kwa sababu umeitaja ekari hiyo kwa sababu ya ada tu, lakini nadhani dhamiri imeshaanza kukusogeza bega. Zabibu nyekundu ya Makutupora inayolimwa huku kwa wingi wanunuzi wake wakubwa ni watengeneza mvinyo, na wewe katika nadhiri zako za ubatizo uliahidi kuachana na vileo. Mwongozo wa Kanisa unataja kutumia, kutengeneza na kuuza vileo kuwa makosa ya nidhamu. Mkulima wa zabibu hakutajwa, na tunda likiwa kwenye kreti bado ni tunda. Hakuna atakayekuondoa ushirikani kwa ekari moja. Ila siku utakayosimama kuhubiri habari za ulevi, kwenye kijiji ambacho ulevi umemaliza nyumba, kutakuwa na mtu chini pale anayejua lori lililobeba kreti zako lilielekea wapi.

Usiing'oe kwa pupa. Mizabibu huchukua miaka kuzaa na watoto wanasoma sasa. Unavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo una nafasi ya kujaribu kidogo kidogo. Msimu ujao tenga sehemu uuze kama tunda la kula, sokoni na barabarani. Sehemu nyingine jaribu kukausha. Hewa yetu kavu inasaidia. Fika kituo cha utafiti cha Makutupora uulize aina za mezani, maana nyingi za mvinyo mbegu zake humkera mlaji. Utapata pungufu mwanzoni, sikufichi. Na kumbuka mchungaji huhamishwa. Ukipangiwa Kigoma au Rukwa, mizabibu haipakiwi kwenye lori la mizigo, kwa hiyo utahitaji ndugu wa kuiangalia. Sababu nyingine ya kupatana na kaka yako, kama unataka ya kidunia.

Kuhusu chuo nitakuwa mfupi. Chuo chetu hapa nchini ni Chuo Kikuu cha Arusha, kiko Usa River, barabara ya kwenda Moshi. Kwa stashahada unaweza kuomba shahada ya kwanza, mradi wastani wako na ufaulu wa kidato cha nne vinakidhi mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka utakaoomba. Soma wa mwaka huo, usitegemee wa rafiki yako. Masomo ni kwa Kiingereza. Wewe umefundisha Kiswahili miaka tisa, kwa hiyo anza sasa kusoma maelezo ya Biblia kwa Kiingereza kila siku ukurasa mmoja, la sivyo Kigiriki na Kiebrania vitakukuta bado unapigana na lugha ya kufundishia. Ada watu wengi huisaidia kwa uinjilisti wa vitabu wakati wa likizo, kutembea nyumba kwa nyumba na mkoba ukiuza vitabu vya dini. Wewe una likizo za shule tayari. Jaribu Juni moja tu, kata mbili au tatu, kwa miguu. Utafukuzwa na mbwa, utakaribishwa mlenda na ugali wa mtama, utaulizwa maswali ambayo hakuna lesoni ya Shule ya Sabato iliyoyajibu. Mimi likizo ile ilinifundisha kusikiliza kuliko muhula wowote wa chuo, na nasema hivyo nikijua walimu wangu wengine bado wako hai.

Barua ya mapendekezo usiiombe sasa. Mwambie mchungaji wa mtaa wako kilicho moyoni mara moja, bila kumsukuma, kisha mwombe kazi ambayo hakuna anayeigombania. Mwaka wa tatu, kama wazee wenyewe watakuwa wameanza kukuuliza "Mwalimu, hujawahi kufikiria uchungaji?", basi Barnaba amefika na tutazungumza habari za fomu.

Kabla ya hapo ningependa kuonana nanyi wawili. Niko Dodoma, na nafasi ninayo Jumapili mchana. Msikimbilie kufika, mwache kwanza amalize ibada yake na mazoezi ya kwaya.